Miaka 25 tangu tujitoe COMESA: zile ndoo zetu za Kigali zilikwama wapi?

Ndoo_na_Beseni (mleta mada)

Wakuu, heshima zenu.

Jumapili kijiweni jamaa mmoja alisimama akasema Tanzania tujitoe Jumuiya ya Afrika Mashariki, "soko tunaibiwa mchana kweupe". Vijana wakampigia makofi. Nikawauliza: mnajua kwamba tulishawahi kujitoa kwenye jumuiya ya biashara kwa hiari yetu? Wawili watatu wakataja 1977. Nikawaambia hapana, ile ni Afrika Mashariki ya kwanza, ilivunjika. Nasema ile tuliyoiandikia barua ya kuaga.

Kwa wasiojua: PTA, eneo la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika kupunguziana ushuru, ilianzishwa Lusaka mwaka 1981, na Tanzania tukajiunga baadaye. Mwaka 1994 ikageuka COMESA, yaani Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika. Mwaka 1999, enzi za Mzee Mkapa, tukatoa taarifa ya kujitoa, na Septemba 2000 tukawa nje rasmi. Tarehe 31 Oktoba 2000, wiki chache tu baadaye, nchi tisa za COMESA zikafungua eneo huru la biashara, ushuru sifuri kwa bidhaa za wenzao: Kenya, Misri, Sudan, Djibouti, Madagascar, Mauritius, Malawi, Zambia na Zimbabwe. Tulishuka basi likiwa limebakiza kituo kimoja.

Sababu zilizotajwa zilikuwa na mantiki yake. Tungepoteza mapato ya forodha, na wakati ule forodha ilikuwa inabeba bajeti kweli kweli. Halafu tulikuwa na kofia tatu, COMESA, SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika) na Afrika Mashariki (EAC) iliyokuwa inafufuliwa, kila moja na ada yake, vikao vyake na posho zake za safari.

Sasa niwaambie kilichonikuta mimi. Nilikuwa karani wa mauzo kwenye kiwanda cha vyombo vya plastiki Dar, ndoo, mabeseni, madumu. Wateja wetu wazuri wa nje walikuwa Kigali na Bujumbura. Ukitoka Dar hadi Rusumo unaingia Rwanda moja kwa moja. Mwenzetu wa Nairobi lazima apite Malaba, akatize Uganda yote, ndipo aingie Gatuna. Kwa nauli tulikuwa tunamkaba.

Januari 2004 Rwanda na Burundi zikaingia kwenye lile eneo huru la COMESA. Ndoo ya Nairobi ikaanza kuingia Kigali bila ushuru, yetu ikatozwa kamili. Nakumbuka mteja mmoja, mama mtu mzima, alinipigia simu akaniambia kwa upole, "Mwanangu, ndoo zenu ni nzuri, lakini siwezi kuuza uzuri peke yake." Oda ya mwezi ule ndiyo ikawa ya mwisho. Rwanda na Burundi walikuja kujiunga EAC mwaka 2007 na kuingia umoja wa forodha 2009. Sisi wa Rusumo tulikuwa tumeshasambaa zamani, mimi nikiwa nauza vipuri Kariakoo.

Hoja yangu ni hiyo. Kujitoa kulikuwa kosa, na bili tuliilipa bila kuiona. Mwenye hoja tofauti aje nayo, ila aje na vitu vya kushikika.

---

Bwana_Hesabu

Mkuu, pole kwa ndoo. Lakini uchumi wa nchi haupimwi kwa ndoo.

Angalia miaka iliyofuata. Kuanzia 2000 uchumi ulikua kwa kasi ambayo miaka ya 90 hatukuiota, asilimia 6 hadi 7 kwa mwaka. Geita ilifunguliwa 2000, Bulyanhulu 2001. Hiyo COMESA tuliyoiacha ingetuongezea nini? Dhahabu hainunuliwi Lusaka.

Na wanunuzi wakubwa wa ukanda huu hatukuwapoteza. Afrika Kusini hayumo COMESA hata leo, yuko SADC ambako tumebaki. Zambia, Malawi na Kongo wamo kote kote. Kenya na Uganda tunao EAC.

Tena kwenye EAC tulijadiliana kama watu wazima. Umoja wa forodha ulipoanza Januari 2005, bidhaa zetu ziliingia Kenya bure tangu siku ya kwanza, wakati bidhaa nyingi za Kenya ziliendelea kulipa ushuru kuingia kwetu, ukipungua kidogo kidogo hadi 2010. Kwenye chumba cha nchi tatu unasikika. Kwenye ukumbi wa nchi ishirini unapiga makofi tu na kusubiri chakula cha mchana.

---

Kahawa_Chungu

Nimeweka kiti. Mwenye kahawa alete.

---

Dereva_wa_Kasumbalesa

Mimi si msomi, naendesha lori Dar–Lubumbashi. Nina swali kwa wasomi.

Kwenye kioo changu nina kadi ya njano. Ni bima ya kumlipa mtu mwingine ukimgonga ukiwa nje ya nchi, kwa hiyo huhitaji kununua bima mpya kila mpaka. Inatambulika Zambia, Kongo, Malawi, Zimbabwe, Kenya, Rwanda. Imeandikwa COMESA kwa herufi kubwa. Sasa kama tulijitoa mwaka 2000, hii ninayo vipi?

---

Fomu_ya_Uasili

Dereva, swali lako ni zuri kuliko posti nyingi humu.

Tulijitoa kwenye mkataba, hatukujitoa kwenye kila kitu kilichozaliwa na mkataba. Kadi ya njano tumebaki nayo. Benki ya PTA, inayoitwa TDB siku hizi, Tanzania bado ni mwanahisa. ZEP-RE, shirika linalokatia bima makampuni ya bima, pia. Kwa hiyo ukisema "tulitoka COMESA" sema vizuri: tulitoka kwenye punguzo la ushuru, tukabaki kwenye bima na benki. Aliyetaka kulinda mapato ya forodha alifanikiwa kuchagua nyama na kuacha mifupa. Au kinyume chake, kutegemea wewe unauza nini.

---

Mwana_wa_Busia

Nawasalimu majirani kutoka upande wa Kenya.

Mnavyoongea ni kama sisi tuliobaki COMESA tulikula asali. Ulizeni mkulima wa miwa wa Mumias au Muhoroni. Sukari ya Malawi, Zambia na Misri inazalishwa kwa bei ya chini sana kuliko yetu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali yetu ilikuwa ikienda COMESA kuomba kinga, yaani kiwango maalum cha sukari kinachoruhusiwa kuingia bila ushuru, na kila muda ulipoisha iliomba tena. Zaidi ya miaka 20 ya "tuongezeeni kidogo tujipange". Viwanda vya serikali havikujipanga.

Lakini pia niwe mkweli. Chai yetu inaenda Misri bila ushuru, na Misri ni mmoja wa wanunuzi wakubwa kabisa wa chai ya Kenya. Kwa hiyo mtu wa Kericho akisikia COMESA anatabasamu, mtu wa Mumias anatukana. Nchi ni moja, mkataba ni mmoja.

Na mkitaka kuona bei ya kupoteza nafasi sokoni ikipimwa waziwazi, kumbukeni 2014. EAC ilichelewa kumaliza mkataba na Ulaya, na Oktoba mwaka huo maua ya Kenya yakaanza kutozwa ushuru kuingia Ulaya, hadi Desemba. Nyinyi, Uganda, Rwanda na Burundi hamkuguswa kwa sababu mko kwenye orodha ya nchi maskini zaidi, mnaingia bure hata bila mkataba. Watu wa Naivasha walihesabu hasara kila ndege ilipopaa. Ndiyo maana mwaka 2016 Tanzania ilipokataa kusaini, nyinyi mlilala usingizi, sisi hatukulala.

---

Bwana_Hesabu

Asante jirani, umenisaidia. Mleta mada, umeona ya sukari? Kilombero na Mtibwa zingekuwa wapi leo kama sukari ya Malawi na Zambia ingemwagika huku?

---

Ndoo_na_Beseni

Bwana Hesabu, Malawi na Zambia wako SADC pamoja nasi, na eneo huru la SADC lilianza Agosti 2008. Sukari yetu haikulindwa na kutoka COMESA. Sukari kila jumuiya inaiwekea utaratibu wake maalum, kwa sababu kila nchi ina wakulima wa miwa wanaopiga kura.

Turudi kwenye ile asilimia 6 na 7 yako. Hapo umenitega, na nimeshawahi kutegwa na hesabu hiyo hiyo. Miaka ileile tuliyotoka COMESA ndiyo miaka migodi ilifunguka, na Novemba 2001 tukasamehewa sehemu kubwa ya madeni ya nje. Ukichanganya sukari, chumvi na pilipili kwenye sufuria moja, huwezi kuonja ukasema utamu huu umetoka kwenye pilipili. Uchumi ulikua pamoja na kutoka, sijui wewe umejuaje kwamba ulikua kwa sababu ya kutoka.

Tazama 1977. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa Februari mwaka ule na ukaja kufunguliwa mwishoni mwa 1983. Wazee wakikumbuka shida za mwanzoni mwa miaka ya 80, foleni za sabuni na unga wa njano, wengine wanasema ni kuvunjika kwa jumuiya. Lakini katikati hapo kulikuwa na vita vya Kagera, mafuta yalipanda bei, mashirika ya umma yalikuwa hoi. Na Kenya ilipoteza njia ya malori yake kwenda Zambia, lakini kahawa ilikuwa na bei ya ajabu duniani mwaka 1976 na 1977, kwa hiyo wengi hawakusikia maumivu. Mwana wa Busia atatuambia habari za Chepkube.

---

Mwana_wa_Busia

Haha, Chepkube mzee wangu usiniguse. Kahawa ya Uganda ilivuka pale usiku kwa punda, kwa vichwa vya akina mama, kwa kila kitu. Babu yangu alijenga nyumba ya mabati mwaka ule na hakuwahi kutueleza pesa ilitoka wapi. Nakubali, jumuiya ilivunjika na kijijini kwetu watu walicheka.

---

Ndoo_na_Beseni

Unaona! Na kugawana mali kulichukua hadi 1984, kwa usuluhishi wa yule Mswisi, Victor Umbricht. Kenya asilimia 42, sisi 32, Uganda 26. Miaka saba ya kuhesabu ndege, mabehewa na madeni. Gharama hiyo anayesema "tutoke kesho asubuhi" huwa haitaji.

---

Mama_Mchele_Tunduma

Wanangu, mnaongea vitabu. Mimi nauza mchele wa Kyela na Mbarali, wateja wangu ni Nakonde ng'ambo ya barabara. Ndugu zangu nusu wako huku, nusu wako kule, tunazikana na kuozana.

Mchele wa Tanzania kwa SADC unaingia Zambia bila ushuru ukiwa na cheti cha uasili, yaani karatasi ya kuthibitisha umetoka hapa. Sasa mimi gunia nne, nikatafute cheti? Wenzetu walioko mpaka wa Zambia na Malawi, au Zambia na Zimbabwe, wana utaratibu rahisi wa COMESA kwa wafanyabiashara wadogo. Mzigo mdogo, fomu ya ukurasa mmoja, orodha ya bidhaa imebandikwa ukutani, unagongewa mhuri unapita. Dada yangu anauza Chirundu ameniambia. Hapa Tunduma tuna jengo zuri la pamoja tangu 2019, mnagongewa huku na kule mkiwa chini ya paa moja, nashukuru. Lakini ile fomu ya COMESA sina, kwa sababu nchi yangu haimo. Kwa hiyo gunia nne zinapita njia za panya na mwenye baiskeli analipwa, na pengine mtu mwingine naye analipwa, simtaji.

Huyo ndiye anayejua gharama ya kutoka. Mwenye lori kumi ana wakala.

---

Bwana_Hesabu

Mama shikamoo. Kwenye hilo sina jibu. Ingawa hata SADC inaweza kuweka fomu kama hiyo, haihitaji COMESA.

---

Mama_Mchele_Tunduma

Marahaba baba. Inaweza. Nasubiri tangu nikiwa na meno yote.

---

Fomu_ya_Uasili

Ngoja nieleze kitu kimoja ambacho mjadala huu huwa unakiruka, maana ndicho ninachokutana nacho kila siku kwenye kazi ya kutoa mizigo.

Umoja wa forodha maana yake ushuru mmoja kwa wa nje. EAC tunao: malighafi sifuri, bidhaa nusu tayari asilimia 10, bidhaa kamili asilimia 25 (baadaye ikaongezwa ngazi ya juu zaidi, na kuna bidhaa nyeti kama sukari zenye kiwango chake). Kimsingi mzigo ukishaingia Mombasa na kulipiwa, utembee hadi Mwanza bila kuulizwa.

Lakini Kenya iko COMESA, sisi hatuko. Sabuni ya Misri inaingia Mombasa bila ushuru. Ikivuka Namanga kuja Arusha, kwetu hiyo ni bidhaa ya nje, idaiwe asilimia 25. Vivyo hivyo bidhaa ya Afrika Kusini: inaingia Dar kwa SADC bila ushuru, ikivuka kwenda Nairobi inadaiwa. Kwa hiyo afisa wa Namanga lazima aulize kila katoni "wewe umezaliwa wapi?", ndani ya umoja wa forodha ambao ulikuwa uondoe swali hilo. Kutoka kwetu COMESA kuliacha tundu katikati ya nyumba tuliyokuwa tunaijenga upya na Kenya na Uganda. Tundu hilo lina watu wanaokula humo, lakini tuache.

Na cheti cha uasili si karatasi moja. Ndoo za mleta mada zinatengenezwa kwa chenga za plastiki kutoka nje. COMESA wanasema malighafi ya nje isizidi asilimia 60 ya gharama ya malighafi zote, au thamani iliyoongezwa ifike 35, unapita. SADC wana kanuni ya kila bidhaa peke yake, na kwenye nguo ni kali mno: haitoshi kushona, uanze mbali zaidi, kwenye uzi wa kufuma kitambaa. Kwa mtu wa kiwanda hiyo tofauti ni kubwa kuliko ushuru wenyewe. Ukihama jumuiya unahama na kanuni, na mashine yako ulishainunua kwa kanuni za zamani.

Dawa iliyotafutwa ni kuunganisha COMESA, EAC na SADC kuwa eneo moja. Mkataba ulisainiwa Sharm el-Sheikh Juni 2015, ukaanza kutumika Julai 2024 baada ya kuridhiwa na nchi 14. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi walikuwemo kwenye hizo 14. Sisi hatukuwemo.

---

Mtoto_wa_Ughaibuni

Naandika kutoka Uingereza, kazini kwangu ni ghala la nguo. Nikisoma maelezo ya Fomu nimecheka peke yangu kwenye treni.

Huku walipiga kura Juni 2016, asilimia 51.9 kwa 48.1, wakatoka rasmi Januari 2020, na kipindi cha mpito kikaisha tarehe 31 Desemba 2020. Wanasiasa wakatangaza mkataba mpya na Ulaya wenye ushuru sifuri. Kweli sifuri. Ila ni kwa bidhaa yenye uasili wa Uingereza! Sisi tulikuwa tunaleta nguo kutoka Bangladesh na China, tunazipanga, tunapeleka maduka ya Ireland. Januari 2021 mzigo wa kwanza ukadaiwa ushuru kule, kwa sababu nguo haikushonwa Uingereza. Bosi alikuwa amesoma gazeti, hakusoma kanuni. Miezi michache baadaye mzigo wa Ireland ukahamishiwa ghala la Uholanzi na wenzangu kumi na moja hapa wakapunguzwa. Hakuna aliyewaambia ni Brexit. Barua ilisema "mabadiliko ya mahitaji".

Na hiyo ya kuchanganya kwenye sufuria ipo pia. Kipindi cha mpito kiliisha katikati ya Covid, halafu ikaja vita ya Ukraine na bei za gesi. Kila takwimu mbaya, upande mmoja unasema Brexit, mwingine unasema Covid. Ofisi huru ya bajeti, OBR, inakadiria tija ya nchi kwa muda mrefu itakuwa chini kwa kama asilimia 4 kuliko kama wangebaki. Ni makadirio, na watu huku wanayabishia hadi kwenye harusi. Ninachojua ni kwamba nchi haikuanguka kama walivyotishia, na haikupaa kama walivyoahidi. Inachechemea.

Kenya wao walikuwa wajanja: Desemba 2020 walisaini mkataba wao na Uingereza ili maua yasikwame. Hawakutaka 2014 nyingine.

---

Kahawa_Chungu

Mmenifanya nisome hadi mwisho, na kahawa bado.

---

Bwana_Hesabu

Niseme hivi. Mnaizungumzia jumuiya kana kwamba ukiwa ndani umehakikishiwa. Aprili 2025 Tanzania tulizuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini. Kwa nini? Malawi ilikuwa imezuia unga, mchele, ndizi na tangawizi zetu, na Afrika Kusini ndizi zetu zilikuwa haziingii kwa miaka. Wote SADC, wote na eneo huru. Siku chache baadaye tukakaa mezani, zuio likaondolewa. Kilichosaidia ni mazungumzo na ubabe kidogo, mkataba ulikuwa kabatini. Na Zambia ilipopigwa na ukame 2024, mahindi ilichukua huku kwetu, njaa haikuuliza cheti.

---

Ndoo_na_Beseni

Hapo umepiga penyewe, nakubali nusu. Lakini mliketi mezani kwa sababu mna meza. Mimi mwaka 2004 nilimwandikia nani kuhusu Rusumo? Ofisi moja niliyokwenda Dar waliniambia, "Suala hilo ni la COMESA, sisi si wanachama." Nikarudi kwenye daladala.

Nibadili kauli kidogo kutokana na Fomu na Mama Mchele. Nilisema kutoka kulikuwa kosa. Pengine kosa kubwa lilikuwa kutoka bila kupanga Rwanda na Burundi tutawauziaje kwa miaka ile ya katikati. Tungeweza kufanya mkataba wa nchi na nchi kabla ya barua ya kuaga. Wenye viwanda walipiga kelele, wakubwa wakatazama hesabu ya forodha tu. Forodha ni pesa inayoonekana kila mwezi. Mteja asiyepiga simu tena haonekani popote.

Na yule jamaa wa kijiweni anayetaka tutoke EAC, Jumapili nitamuuliza: umeshaongea na Mama Mchele?

---

Binti_wa_Muheza

Samahani kwa kuingilia wakubwa zangu. Mimi nina pilipili manga na iliki kutoka Amani. Nimepata wateja wawili mtandaoni, mmoja Port Louis kule Mauritius, mmoja Cairo. Kwa mliyoyasema, nani ataniingizia bila ushuru?

---

Fomu_ya_Uasili

Dada, Mauritius yuko COMESA na SADC, kwa hiyo tumia cheti cha SADC, nenda TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, mkoani kwako. Zao lililolimwa hapa halina mgogoro wa asilimia za malighafi, ni la kwetu lote. Misri hayuko SADC, na kwa COMESA hatumo. Njia yako ni eneo huru la Afrika nzima. Tanzania na Misri zote zilikuwa kwenye kundi la nchi nane za majaribio yaliyoanza Oktoba 2022. Kabla hujamwambia mteja bei, hakikisha pilipili manga na iliki ziko kwenye orodha waliyopunguza ushuru, kwa namba ya bidhaa, si kwa jina. Na mwambie naye aulize forodha ya kwao. Usimwamini mtu wa mtandaoni, nikiwemo mimi.

---

Binti_wa_Muheza

Asante sana kaka. Wa Cairo anataka tani mbili, wa Port Louis tano. Naanza na Port Louis.

---

Kahawa_Chungu

Binti, ukimaliza na iliki, kahawa huna?